Kuzuia Bakteria Kwenye Maji na Mashine za Kusafisha Damu: Mwongozo kwa Kitengo cha Mkoa

Mgonjwa wa figo anayetoka Kaliua au Sikonge kuja Tabora mjini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki anakutana na maji mengi kuliko mtu mwingine yeyote unayemfahamu. Kwa kawaida mashine hupitisha maji ya dayalisisi, yaani maji ya kusafishia damu, mililita 500 kwa dakika. Kwa saa nne za matibabu hizo ni lita 120, kwa wiki lita 360, na kinachoyatenganisha na damu yake ni utando mwembamba wa chujio. Asidi ya tumbo na ini, ambavyo vingemkinga kama angeyanywa, hapa havimsaidii. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, si na vitambaa vya kufutia, ingawa ukaguzi mwingi huanzia kwenye vitambaa.

Nawaandikia wauguzi wapya wa kitengo, mafundi vifaa tiba, na wenzetu wa maabara ambao mara nyingi hukumbukwa tatizo likishatokea.

Bakteria wanaosumbua vitengo hivi zaidi ni wa majini: Pseudomonas, Burkholderia, Stenotrophomonas, Serratia na ndugu zao. Wanaishi kwa chakula kidogo mno, kiasi kwamba huzaliana hata ndani ya maji yaliyokwisha kusafishwa. Hujibandika kwenye kuta za bomba na kujifunika ute, na dawa ikipita juu ya ute huo wale wa chini hubaki hai. Hata wakifa, vipande vya kuta zao huacha sumu iitwayo endotoksini, ambayo vipande vyake vidogo huweza kupenya chujio na kumletea mgonjwa homa na kutetemeka. Kwa hiyo kazi yetu si kuua bakteria tu. Ni kuwanyima nafasi ya kuota.

Hatua ya 1: Chora njia ya maji, tangu yanapoingia hospitali

Chukua karatasi, wewe na fundi, mfuate bomba kwa miguu. Maji yanaingilia wapi? Yanakaa kwenye tangi gani? Yanapita chujio la mchanga, kilainisha maji, matangi mawili ya mkaa, mtambo wa RO (unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando wa kuyasafisha), kisha tangi la akiba au moja kwa moja kwenye mzunguko wa mabomba ya wodini. Weka alama kila penye koki ya kuchukulia sampuli. Weka alama nyekundu kila penye kipande cha bomba kisichoenda popote: koki ya mashine iliyohamishwa, tawi lililozibwa wakati wa ukarabati. Maji hulala humo, na ute huanzia humo. Kata vipande hivyo. Kuviziba hakutoshi.

Chanzo nacho kina maana yake. Tabora mjini maji yanatoka kwenye bwawa la Igombe na kwenye mradi wa Ziwa Victoria, na yakikatika hospitali huagiza boza. Boza lazima lijulikane limejazwa wapi, na maji yake yapimwe klorini kabla ya kuteremshwa. Wanaoona hili ni urasimu wakumbuke mji wa Caruaru, Brazil, mwaka 1996. Kituo cha kusafisha damu kilipokea kwa malori maji ya bwawa ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Ndani yake mlikuwa na sumu ya bakteria wa kijani wanaoota kwenye maji yaliyotuama, sumu hiyo ikaharibu maini ya wagonjwa, na zaidi ya 50 walifariki. Huwezi kuiona sumu hiyo kwa macho wala kuiua kwa kuchemsha.

Mkuu wa kitengo azungumze na mamlaka ya maji, TUWASA, ili kitengo kipewe taarifa kila wanapoongeza klorini baada ya bomba kupasuka au mvua kubwa kuanza. Simu moja asubuhi inaokoa mengi.

Hatua ya 2: Pima klorini kabla ya mgonjwa wa kwanza wa kila zamu

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Klorini inayotukinga nyumbani inabidi iondolewe kwenye maji haya, kwa sababu ikiingia kwenye damu, hasa ile iliyoungana na amonia, huvunja chembe nyekundu. Mkaa ndio unaoiondoa. Baada ya mkaa, basi, maji yanabaki bila mlinzi, na bakteria yeyote aliyepita ana uhuru wa kuzaliana. Kipimo cha klorini kinakuambia mkaa unafanya kazi. Usafi wa kila kitu kinachofuata baada ya hapo unakutegemea wewe.

Washa mtambo, uache ufanye kazi dakika 15 hivi ndipo uchukue maji baada ya tangi la kwanza la mkaa. Pima klorini yote kwa jumla, si klorini huru peke yake. Kikomo ni miligramu 0.1 kwa lita. Ikizidi, pima baada ya tangi la pili. La pili likiwa salama unaweza kuendelea huku ukipima kila nusu saa, na tangi la kwanza libadilishwe ndani ya siku tatu. La pili nalo likizidi, hakuna mgonjwa anayeunganishwa, hata kama ametoka Igunga na basi la alfajiri. Mweleze ukweli. Wagonjwa wetu wanaelewa wakielezwa kwa heshima. Wasichovumilia ni kukalishwa benchi bila neno.

Rangi ya kipimo isomwe na mtu anayeona rangi vizuri, na vipimo visitumike baada ya tarehe yake kwisha. Andika namba uliyoiona. Usiandike "sawa".

Hatua ya 3: Matangi na mzunguko wa mabomba

Maji yaliyosafishwa yasikae. Tangi la akiba likiwepo liwe dogo kadiri inavyowezekana, kitako chake kiwe cha mteremko ili litoke lote, mfuniko ubane, na tundu la hewa liwe na kichujio cha bakteria. Tangi jeusi la plastiki lililo juani nje ya jengo si mahali pa kuhifadhi maji ya dayalisisi. Mwezi wa Septemba na Oktoba jua la Tabora hulipasha moto mchana kutwa, na joto hilo ndilo bakteria wanalolipenda.

Mzunguko wa wodini uendelee kuzunguka hata wakati mashine hazifanyi kazi. Vitengo vingi hufunga Jumapili, kwa hiyo maji ya Jumatatu asubuhi ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko ya siku nyingine. Kama mtambo una uwezo wa kujisukuma wenyewe kwa saa ulizopanga, uwekwe hivyo. Kama hauna, zamu ya Jumapili iwe na mtu wa kuuwasha. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ukirudi, sukuma maji nje kwanza kabla ya kuunganisha mashine.

Kuua vijidudu kwenye mzunguko wote kufanywe angalau mara moja kwa mwezi, kwa ratiba, bila kusubiri majibu mabaya. Njia ni joto au dawa, kulingana na mabomba yako. Mabomba ya PVC hayavumilii maji ya moto sana. Klorini huharibu utando wa RO wa aina inayotumika sana, hivyo mtambo utengwe kabla ya dawa hiyo kuingizwa kwenye mabomba. Asidi ya perasetiki ndiyo itumikayo mara nyingi kwa mtambo wenyewe, kwa kipimo cha mtengenezaji. Wakati wa kazi hii pawepo watu wawili na bango mlangoni, na asiwepo mgonjwa hata mmoja kwenye mashine. Hakikisha kwa karatasi ya kupimia kwamba dawa imefika koki ya mwisho kabisa. Ukimaliza kusuuza, pima tena kila koki kuhakikisha dawa imekwisha. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachorukwa na watu waliochoka, na ndicho kinachoweza kumuua mtu.

Hatua ya 4: Baikaboneti

Kama ningeruhusiwa kusimamia jambo moja tu kwenye wodi, ningesimamia dumu la baikaboneti. Mashine huvuta kutoka madumu mawili, la baikaboneti na la asidi. Asidi ni kali, bakteria hawaiwezi. Ndani ya baikaboneti ya maji huzaliana vizuri. Ichukulie kama maziwa mabichi: ya leo ni ya leo.

Changanya kiasi cha zamu, kwa maji ya RO, kwenye chombo kilichokauka. Andika saa ya kuchanganya kwenye dumu. Itumike mapema kadiri inavyowezekana na isivuke saa 24. Iliyobaki imwagwe. Usijazie mpya juu ya ya zamani, hata kama dumu limebaki nusu na stoo imeandika kwamba mzigo unakuja wiki ijayo. Najua shinikizo la bei lilivyo. Lakini mfuko wa unga wa baikaboneti ni rahisi kuliko wiki mbili za dawa za sindano kwa mgonjwa aliyepata bakteria kwenye damu.

Jioni, madumu yote yasuuzwe kwa maji ya RO, si ya bomba la kawaida, yageuzwe midomo chini kwenye rafu yenye matundu, yakauke usiku kucha. Yasiachwe yamefunikwa yakiwa na unyevu. Mara moja kwa wiki yaoshwe kwa klorini na kusuuzwa vizuri, pamoja na mifuniko na zile fimbo za kuvutia maji kutoka kwenye dumu. Fimbo husahaulika kwa sababu zinaning'inia kwenye mashine na zinaonekana safi. Zitazame ndani kwa tochi.

Kitengo kinachomudu mifuko mikavu inayounganishwa moja kwa moja kwenye mashine kinajiondolea sehemu kubwa ya tatizo hili.

Hatua ya 5: Ndani ya mashine

Fuata kitabu cha mtengenezaji, na kitabu hicho kiwe wodini, si kwenye kabati la ofisi lililofungwa. Kwa ujumla, mwisho wa siku mashine ipitishwe mzunguko wa joto au dawa. Baikaboneti ikikutana na kalsiamu huacha chokaa, na chini ya chokaa bakteria hupata kinga, kwa hiyo mashine hupitishwa pia asidi ya kuyeyusha chokaa, kama vile asidi ya sitriki. Asidi na klorini visikutane kamwe ndani ya mashine wala ndani ya ndoo. Hutoa gesi ya sumu. Kati ya kimoja na kingine, suuza kikamilifu.

Chujio la endotoksini nyuma ya mashine lina muda wake. Bandika tarehe ya kulibadilisha mahali muuguzi anapoiona. Mashine ya akiba iliyolala siku mbili tatu bila kutumika isichukuliwe kuwa ni safi kwa kuwa haijagusa mgonjwa: ipitishe dawa kwanza, suuza, pima mabaki ya dawa, ndipo umunganishe mtu.

Kinga ya kipimo cha shinikizo, kile kidude kidogo chenye kichujio kinachounganisha mrija wa damu na mashine, ni ya mgonjwa mmoja na mara moja. Ikilowa damu wakati wa matibabu, ibadilishwe papo hapo, na matibabu yakiisha mashine ifunguliwe upande ule na kukaguliwa kama damu imepita ndani. Ikiwa imepita, fundi aitwe kabla ya zamu inayofuata.

Hatua ya 6: Kati ya mgonjwa na mgonjwa

Kanuni ya kwanza: mgonjwa aondoke kwenye kiti ndipo usafi uanze. Kufuta mashine huku mzee bado ameshikilia pamba mkononi ni kuhamisha uchafu tu. Kama zamu zinabanana, tatizo liko kwenye ratiba, na ratiba irekebishwe.

Toa mirija na chujio, vitie moja kwa moja kwenye mfuko wa taka za maambukizi. Vua glovu, safisha mikono, vaa nyingine. Futa kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikutana na damu na uchafu. Kisha paka dawa: kioo cha mashine, vitufe, juu, ubavuni, kiti na mikono yake, meza, na mkanda wa kupimia presha. Paache palowane dakika 10, pakauke penyewe. Vyuma vifutwe baadaye kwa maji safi visije vikaliwa na kutu.

Jiki ya asilimia 3.5 kwa nyuso zisizo na damu inayoonekana: kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 69 vya maji, ambayo ni asilimia 0.05. Penye damu: kipimo 1 kwa vipimo 6, yaani asilimia 0.5. Soma chupa kwanza, maana si zote zina asilimia 3.5. Dawa ichanganywe kila siku, ndoo ifunikwe, na isikae dirishani.

Kilichofika kwenye kiti cha mgonjwa hakirudi kwenye kabati. Bandeji ambazo hazijafunguliwa, plasta, mikasi: aidha vitupwe, vibaki vya mgonjwa huyo, au visafishwe na kuuliwa vijidudu. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ivutwe kwenye meza safi mbali na viti, na trei isizunguke kutoka kiti hadi kiti. Mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B awe na chumba chake, mashine yake na muuguzi wake kwa zamu hiyo, kwa kuwa virusi hivyo huweza kubaki hai juu ya meza kwa siku saba au zaidi.

Kuhusu katheta, mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu wa mgonjwa, nitasema kwa ufupi, maana zinastahili mwongozo wake. Barakoa kwa muuguzi na mgonjwa, mikono safi, na mdomo wa katheta usuguliwe kwa dawa baada ya kutoa kifuniko na kabla ya kuunganisha. Kila mara.

Hatua ya 7: Ndoo, mifereji na kisanduku cha ukutani

Ndoo ya kupokea maji ya kusuuzia mirija kabla ya matibabu imewahi kuwa chanzo cha milipuko ya maambukizi sehemu mbalimbali duniani. Ncha ya mrija ikigusa maji yaliyo ndani yake, au ndoo ikitumika kwa wagonjwa wawili bila kuoshwa, safari ya bakteria imekamilika. Ncha ining'inie juu ya maji. Ndoo imwagwe, ioshwe, itiwe dawa na ikauke baada ya kila mgonjwa.

Vivyo hivyo kisanduku cha ukutani penye koki ya maji safi na tundu la maji machafu pamoja. Uchunguzi wa milipuko nchini Marekani ulionesha maji machafu yakituama humo yanaweza kufikisha bakteria kwa wagonjwa kupitia mikono na vifaa. Angalia kila siku kama maji yanatuama au kurudi juu. Bomba la maji machafu lisigusane na la maji safi, na liachiwe nafasi ya hewa juu ya tundu. Ukishika pale, glovu hizo zimekwisha kazi.

Hatua ya 8: Sampuli za kila mwezi

Chukua sampuli kabla ya siku ya kutia dawa. Ukichukua baada yake unajisifia tu. Mahali: mwanzo wa mzunguko wa wodini, mwisho wake, kwenye tangi la akiba, na maji ya dayalisisi kutoka mashine mbili angalau, ukibadilisha mashine hadi kila moja ipimwe walau mara moja kwa mwaka. Fungua koki maji yatiririke dakika moja. Usiipake klorini; ukitumia spiriti, iache ikauke kabisa. Chupa iwe tasa.

Kikomo cha maji ni bakteria chini ya 100 kwa mililita, na ukifika 50 unapaswa kuchukua hatua. Endotoksini ni chini ya 0.25 kwa mililita kwa vipimo vyake vya kimataifa, hatua ikianza 0.125.

Mwambie mtaalamu wa maabara mapema kwamba haya si mkojo. Kuotesha kwa sahani ya damu na joto la mwili kwa siku mbili kunaweza kuwaacha bakteria wengi wa majini bila kuonekana, kwa sababu wamezoea ubaridi na njaa. Njia inayowapata ni chakula cha kuoteshea kiitwacho R2A au TGEA, nyuzijoto 17 hadi 23, kwa siku 7. Nyuzijoto hizo hazipatikani mezani Tabora mwezi Oktoba, kwa hiyo inahitajika inkubeta yenye uwezo wa kupoza. Kama haipo, sampuli ziende kwenye maabara inayoiweza, Mwanza kwa mfano, ndani ya kisanduku cha barafu bila kugandishwa, na zianze kuoteshwa ndani ya saa 24. Panga gari kwanza ndipo ufungue koki.

Hatua ya 9: Mgonjwa akisema anasikia baridi

"Sista, nasikia baridi."

Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na akili ya kila mtu wodini inakimbilia huko. Pima malaria, sawa. Lakini muulize: "Pole baba, imeanza ukiwa nyumbani au baada ya kuunganishwa?" Baridi na kutetemeka kunakoanza akiwa tayari kwenye mashine, kwa mtu aliyekuja bila homa, kunaelekeza kidole kwenye maji, mashine au katheta. Kipimo cha malaria kuonesha ipo hakifuti shaka hiyo.

Pima joto na presha, mwite daktari, simamisha matibabu. Kurudisha damu au kutorudisha aamue yeye. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Kisha fanya lile ambalo haraka hutusahaulisha: chukua sampuli ya maji ya dayalisisi kutoka mashine ileile kabla mtu hajaitia dawa. Ukisha kuisafisha, ushahidi umekwenda. Andika namba ya mashine, kiti, namba ya toleo la chujio, saa ya kuchanganya baikaboneti na jina la aliyeunganisha. Bandika karatasi "ISITUMIKE".

Akitetemeka wa pili katika zamu hiyohiyo, acha kutafuta sababu kwa mgonjwa mmoja mmoja. Wagonjwa wote watolewe kwenye mashine, mtambo wa maji ukaguliwe, na mkuu wa kitengo cha kuzuia maambukizi aitwe wakati huohuo, si kwenye kikao cha Ijumaa.

Hatua ya 10: Daftari

Daftari moja, kurasa zenye namba, likae chumba cha maji: klorini ya kila zamu, tarehe za dawa, tarehe za vichujio, majibu ya maabara, na kila mgonjwa aliyetetemeka. Majibu ya kuotesha huja baada ya wiki, yakieleza maji ambayo watu wameshayatumia, kwa hiyo yasomwe kwa mfululizo. Bakteria 5, kisha 18, kisha 40 ni onyo, ingawa zote ziko chini ya 50. Usisubiri majibu ya mwezi unaofuata. Tia dawa mzunguko wote na urudie sampuli.

Fundi akienda likizo, ufunguo wa chumba cha maji na namba ya simu ya anayemshikia zamu vibandikwe kwenye meza ya wauguzi kabla hajapanda gari.